Ng'ombe wa Mama Mkwe na Kilomita za Akiba

Tangu bajaji ya umeme iingie nyumbani kwetu hapa Bendera, hakuna jambo lililozua maneno mengi kama betri. Si mahari, si mpaka wa shamba la mpunga, si hata ile habari ya shemeji kuuza mbuzi wa marehemu baba bila kumwambia mtu. Na maneno yote yalikuwa juu ya swali moja: tuongeze fedha tupate betri kubwa, au tubaki na ndogo? Swali hilo tulilala nalo, tukaamka nalo, na mwisho tukaenda nalo harusini, ambako lilizima muziki.

Asiyepajua Bendera na aelewe kwanza tulivyokaa. Ukitoka Same mjini kwa njia ya Kisiwani, unapita Maore, Ndungu na Kihurio, unatufikia sisi, kisha unatokea Mkomazi kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam. Njia nzima ni kama kilomita 100. Milima ya Upare iko juu yetu upande mmoja, Usambara inaonekana upande wa pili, na huku chini ni tambarare yenye joto inayopakana na Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi. Ndugu zetu wengine wako bondeni kwenye mpunga na mahindi, wengine wako mlimani kwenye migomba na tangawizi. Sijui ukoo wa Kipare ambao watu wake wote wamejenga tambarare. Ukiwa na chombo cha usafiri huku kwetu, siku moja utaitwa mlimani, na hutaitwa peke yako. Utaitwa na mama, watoto na magunia.

Baba watoto aliendesha bajaji ya petroli ya mtu kwa miaka mingi, akipeleka hesabu kwa tajiri kila jioni kabla hajajua watoto wake watakula nini. Tulipopata mkopo wa VICOBA, tukachanganya na fedha za cherehani yangu, tukakubaliana anunue chombo chake mwenyewe, na kiwe cha umeme. Sababu ilikuwa petroli. EWURA hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na Jumatano hiyo baba watoto alikuwa haongei na mtu mpaka amesikia.

Muuzaji alituonyesha betri mbili. Ndogo, alisema, inakwenda kilomita 100. Kubwa inakwenda 170. Tofauti ya bei ilikuwa shilingi milioni mbili na laki nne.

Baba watoto aliitaka kubwa palepale. Hoja yake ilikuwa nzito, na mpaka leo naiheshimu. "Mama watoto," aliniambia pembeni, "petroli ikiniishia Kihurio nanunua ya chupa, kila kijiji wanauza. Umeme ukiniishia nanunua kwenye chupa gani?"

Mimi nikainama kusoma kibandiko cha betri, kwa sababu kilomita za muuzaji ni maneno yake, lakini kibandiko kimeandikwa kiwandani. Ndogo iliandikwa 72V 70Ah. Kubwa iliandikwa 72V 120Ah. Kijana wetu anasomea ufundi umeme VETA, Moshi. Nilimpigia simu akanielekeza nizidishe namba hizo mbili kisha nigawe kwa 1,000. Ndogo ikatoa uniti 5. Kubwa ikatoa uniti 8.6. Na uniti hizo ni zilezile za LUKU tunazonunua kwa simu. Hapo mambo yakanikalia sawa. Kilomita hubadilika kwa barabara, uzito, mwendo na mlima, bali uniti hazibadiliki, na ndizo unazouziwa. Zile kilomita 100 zilipimwa na dereva mmoja, kwenye lami, mwendo wa pole. Kwenye vumbi na makorongo yetu, abiria watatu nyuma na kapu la nyanya miguuni, ukipata 70 umshukuru Mungu.

Jioni tuliporudi na hesabu hizo, mama mkwe alizisikiliza mpaka mwisho. Fedha za kuongeza zilikuwa mahali pamoja tu katika nyumba hii, nazo ni zizini kwake: ng'ombe watatu wanaoweza kuuzwa. Akajibu kwa upole. "Wanangu, ng'ombe hauzwi kwa safari ambayo hamjaitiwa." Tukanunua ndogo.

Sasa lazima nieleze habari ya LUKU, maana bila hiyo hakuna atakayeelewa kwa nini mama mkwe alianza kuamka usiku.

Mita ya nyumba hii ni ya mama. Tangu baba afariki, yeye ndiye anayenunua umeme, kwa simu yake ya kitochi, shilingi elfu moja moja. Kwa elfu moja anapata uniti nane na kitu, na anajua zitamfikisha siku gani. Tuko kundi la D1, la watumiaji wadogo. Usipozidi uniti 75 kwa mwezi, uniti moja ni shilingi 100, na ukiweka VAT asilimia 18, tozo ya REA asilimia 3 na ya EWURA asilimia 1, unalipa 122. Ukivuka 75, kila uniti ya ziada inaanzia 350, na kwa makato yaleyale inafika 427. Ukiendelea kuvuka unahamishiwa kundi la T1, ambako uniti ni 292, na kwa makato 356. Nyumba yetu ilikuwa inatumia kama uniti 40 kwa mwezi: taa, redio, friji dogo la maziwa na cherehani yangu. Zilizobaki 35 zilikuwa usalama wa mama.

Kuijaza betri ya uniti 5 kunakula zaidi ya 5, kwa sababu nyingine hupotea kwa joto la chaja. Chukua tano na nusu. Bajaji ikachomekwa kila usiku, na katika wiki moja ule usalama wote ukaisha. Mama akatuma elfu yake kama kawaida, akasubiri uniti nane. Zikaja mbili nukta tatu.

Hakusema neno. Alichukua kigoda akakaa mbele ya mita, miwani puani, akatazama tarakimu zikishuka. Kitaa chekundu cha mita kinapepesa haraka zaidi kadiri umeme unavyotumika kwa wingi, na jioni ile, chaja ikiwa imechomekwa, kilikuwa kinapepesa bila kupumzika. "Mkaza mwanangu," aliniita, "hiki chombo chenu kinakula. Kinakula watu wakiwa wamelala."

Tangu hapo baba watoto alianza kuikuta bajaji asubuhi ina nusu ya chaji. Akashangaa. Akampigia muuzaji, wakabishana sana. Muuzaji akamwambia aache chaja imechomekwa usiku kucha, naye akasema ndivyo anavyofanya, taa ya chaja anaiona inawaka akiamka. Wote wawili walikuwa wakweli. Aliyegundua ni shemeji, aliyekuja kutembea akalazwa sebuleni. Usiku wa manane alimwona mama amejifunga kanga, tochi mkononi, akichomoa plagi taratibu, akiukunja waya vizuri na kuutundika kwenye msumari usikanyagwe. Kisha karibu na alfajiri akamwona amerudi, akachomeka tena, taa ikawaka, akaenda kuwasha moto wa chai.

Kabla habari hiyo haijatufikia, tayari ilikuwa na hasara. Baba watoto alibeba abiria wanaokimbilia basi la Dar es Salaam pale Mkomazi, chaji ikamwishia njiani, basi likawaacha. Alirudisha nauli zote, akaongeza ya pikipiki mbili za kuwafikisha. Jioni tukakaa kikao. Katika nyumba za Kipare mama hakaripiwi, na baba watoto hakumkaripia. Alimsalimia, "Shikamoo mama," akaitikiwa, akaeleza yaliyompata. Mama akasikiliza akiwa ameangalia chini. "Mimi nilikuwa nalinda nyumba," alisema. Na ni kweli, alikuwa anailinda. Kwa bei ya 427, kila tulipolala alikuwa anaona fedha zinatoka.

Tukakubaliana kwamba umeme wa bajaji utalipiwa na bajaji: kila jioni shilingi 2,000 zinaingia kwenye simu ya mama kabla plagi haijachomekwa. Baba watoto hakunung'unika, maana bajaji ya petroli kwa kilomita zilezile 70 ilikuwa inamwondolea karibu elfu saba. Amani ikarudi. Mama akaanza hata kuuliza jioni, "Imeshiba?"

Halafu ikaja harusi.

Binti wa wifi yangu alikuwa anaagwa, na kwa wifi ni mlimani, juu ya Maore. Wakubwa wengine walipanda basi dogo. Baba watoto akasema mama hatabanwa kwenye basi wakati mwanawe ana chombo. Basi tukapakia: mama mkwe mbele ya wote, mimi, mtoto wetu wa mwisho, magunia mawili ya mchele wa kwetu, na sufuria kubwa ya makande ambayo wifi aliisisitiza kwa simu, kwamba bila mkono wa mama harusi haijawa harusi.

Tambarare ya Ndungu tuliipita vizuri, mashamba ya mpunga kushoto na kulia, upepo unaingia. Mlima ndio uliotuonyesha kazi. Kijana wetu alinieleza baadaye hesabu yake, na naiandika kwa sababu kila mtu wa milimani anayetaka chombo cha umeme anaihitaji. Kupandisha uzito wa tani moja kwenda juu mita 1,000 kunataka uniti karibu 2.7. Hiyo ni kazi ya kunyanyua peke yake, hata barabara ingekuwa ya lami. Bado hujaweka makorongo, mawe, na umeme unaopotelea ndani ya mota yenyewe. Sisi, bajaji, mchele na sufuria tulikuwa zaidi ya nusu tani. Betri yote ni uniti 5, na nyingine tulikuwa tumekwishazitumia kutoka Bendera mpaka Maore. Tulifika kwa wifi kipimo kikiwa kwenye rangi nyekundu, bajaji inakwenda mwendo wa mtu mzima anayetembea, na mama anaimba polepole kuipa moyo.

Tukapokelewa kwa vigelegele. Tukapewa maji, tukapewa chakula. Baba watoto akazunguka nyuma ya jiko, akaona soketi, akachomeka. Hakuna aliyeona ajabu. Mgeni huchaji simu, naye alichaji chombo chake. Hata mimi nilikuwa na mengi kichwani, gauni la bibi harusi lilikuwa limebana na mimi ndiye fundi.

Giza likaingia, taa za rangi zikawashwa, spika mbili kubwa zikaanza. Mshereheshaji akawaomba watu wasimame, bibi harusi anaingia. Akaingia kweli, hatua mbili, tatu, na kila kitu kikazimika.

Watu wakasema umeme umekatika, wakaguna kama watu wanavyoguna. Lakini nyumba ya jirani ilikuwa inawaka. Na ya ng'ambo ya korongo ilikuwa inawaka. Mume wa wifi akaenda kwenye mita na tochi: sifuri. Alikuwa ameweka umeme wa kutosha siku mbili, akashangaa umekwenda wapi. Mtu mmoja akaanza kuufuata waya kwa tochi kutoka soketi ya nyuma ya jiko, akaufuata taratibu kupita kuni, kupita ndoo za wapishi, na mwanga ukaishia kwenye bajaji yetu.

"Kaka," wifi alisema, "umekula umeme wa harusi yangu." Na kwa kuwa hapakuwa na muziki, ukumbi mzima ulisikia.

Baba watoto alinunua LUKU ya shilingi elfu kumi palepale. Mtandao wa mlimani unakuja na kuondoka, kwa hiyo ujumbe ulichelewa, na watu wakasubiri wamesimama, bibi harusi ameshikwa mkono katikati ya njia. Tarakimu 20 zilipofika, shemeji alizibonyeza kwenye mita, akakosea moja, akarudia. Wanawake wakaanza wimbo wa asili wa kumwingiza binti, kwa makofi tu, na nitasema wazi kwamba ile sehemu ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote. Taa ziliporudi hawakuukatisha mpaka ulipoisha.

Mama mkwe hakusimama kucheza. Alikaa amejifunika kanga hadi kidevuni. Nilimjua; alikuwa anaona haya. Mgeni wa Kipare huenda amebeba, haendi kula stoo ya mwenye nyumba.

Asubuhi hatukuwa na ujasiri wa kuomba soketi tena, ingawa wifi mwenyewe alishacheka na kutusamehe. Betri ilikuwa imepata nusu. Kuteremka hakuli kitu, tukafika Maore tukiwa na matumaini, tukapumzika kwa jamaa mpaka jua lipungue, tukaendelea. Ndungu tukapita. Kihurio tukapita. Giza likatukuta baada ya hapo, na bajaji ikapungua mwendo, ikapungua, ikasimama.

Upande mmoja wa barabara ni mashamba, na nyuma ya mashamba ni pori la hifadhi. Kila mkulima wa huku anajua kwamba tembo hawasomi mpaka. Mama ana maumivu ya goti, hawezi kutembea mpaka nyumbani. Baba watoto akasukuma, mimi nikasukuma, mtoto akawa anashika tochi. Vijana wa bodaboda walitukuta, wakafunga kamba, wakatukokota mpaka kwenye nyumba za watu, wakakataa fedha. Tukapewa ukumbi wa duka tulale, lakini kuchaji hatukuweza, maana duka lenyewe halikuwa na umeme wakati huo. Laini ya eneo lote ilikuwa imekatika tangu mchana. Mbele yetu, kwenye meza ndogo chini ya mwembe, zilipangwa chupa za petroli. Baba watoto alizitazama, kisha akanitazama mimi. Hakusema neno, naye alikuwa na haki ya kusema.

Mama ndiye aliyevunja ukimya, kukiwa karibu kupambazuka. "Kilomita za kazi mnazo," alisema. "Zilizokosekana ni za siku ambayo hamkuipanga. Hizo nitazinunua mimi." Tulipofika nyumbani alimtuma mtoto amwite mnunuzi wa ng'ombe.

Hapo sasa mimi ndiye niliyepinga. Ninaweka daftari la bajaji, na daftari lilikuwa linasema jambo moja kwa uwazi: biashara ya Bendera haihitaji betri kubwa. Asubuhi kuna abiria wa Mkomazi, mchana kijiwe kinalala, jioni kuna wanaorudi. Baba watoto anakuja kula mchana, na akichomeka saa zile mbili tatu anapata chaji ya kumalizia jioni. Siku za gulio pekee ndizo zinazoizidi betri ndogo. Kutoa ng'ombe watatu kwa ajili ya siku za gulio ni kuwatupa. Nilimwambia mama hivyo, kwa heshima, na daftari mkononi.

Tukampigia kijana wetu, tukaweka simu kwa sauti watu wote wasikie. Alitusimulia mambo mawili ya magari ya nje, na yote mawili yaliingia kwenye uamuzi.

La kwanza ni Nissan Leaf, gari la umeme la Kijapani lililoanza kuuzwa mwisho wa mwaka 2010 likiwa na betri ya uniti 24. Kipimo cha serikali ya Marekani kilionyesha kilomita 117. Baadaye yakaja ya uniti 40, kilomita 243, na ya uniti 62, kilomita 364. Wenye magari hayo wameumiza vichwa kwa swali letu hilihili miaka yote. Lakini Leaf hizo hazikuwekewa mfumo wa kupoza betri kwa maji, na mwaka 2012 wenye magari katika jimbo la Arizona, kwenye joto la jangwa, walianza kulalamika. Dashibodi ina vijiti 12 vya kuonyesha uzima wa betri, na vyao vilikuwa vinapungua mapema mno. Joto hula betri. Na betri inayokamuliwa mpaka mwisho kila siku huchakaa mapema kuliko inayotumika nusu. Bendera ina joto, na sisi tulikuwa tunaikamua ya kwetu mpaka nyekundu. Betri kubwa ingefanya kazi ileile bila kufika huko. Hilo halikuwa kwenye daftari langu, nikaliandika.

La pili ni Tesla ya Marekani. Mwaka 2016 iliuza Model S 60 yenye betri ya uniti 75, ila programu ya gari iliifunga isitumie zaidi ya 60. Mwenye gari akitaka zilizobaki analipa, wanamfungulia kwa intaneti, hakuna fundi anayegusa kitu. Septemba 2017, kimbunga Irma kilipokuwa kinaelekea Florida na watu wanahama, kampuni iliwafungulia kwa muda bila malipo, wakapata kama kilomita 50 za kukimbilia.

Mama alinyanyua mkono simu isimame. "Ngoja. Hao watu walikuwa wanatembea na kibuyu kina maji, na kizibo kimeshikwa na mwenye duka?"

"Ndiyo, bibi."

"Na kilifunguliwa siku ya kukimbia?"

"Ndiyo."

"Basi mwenye duka naye anajua kilomita hizo ni za siku gani."

Sikuwa na jibu, na sikulitafuta. Nilikuwa nahesabu faida ya bajaji. Yeye alikuwa anahesabu goti lake, mjukuu na tochi, na usiku wa barabara ya Kihurio. Siku ya kumpeleka mtu hospitali haiji ikakusubiri uchaji. Na umeme wenyewe huku kaskazini bado haujawa wa kuutegemea kila saa. Maji ya milima yetu yanashuka Mto Mkomazi, yanaingia Pangani, yanazungusha mitambo ya Hale na ya Pangani yenye megawati 68, lakini mzigo mkubwa wa nchi sasa unabebwa na Bwawa la Nyerere kule Rufiji, megawati 2,115, mbali na sisi. Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alikuja Mwanga kuzindua mradi wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe, akaeleza kwamba serikali inapanga kununua umeme wa Ethiopia kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, kwa sababu wa kusini hupotea mwingi njiani. Kama nchi nzima inahesabu umeme unaoishia njiani, nyumba moja ya Bendera haiwezi kuacha.

Tuliinunua betri kubwa. Muuzaji akaipokea ndogo kwa punguzo, kwa hiyo ng'ombe waliouzwa ni wawili, na wa tatu, yule mwenye pembe zilizopinda, yumo zizini na ana ndama. Bajaji imekuwa nzito kidogo kwa sababu ya betri, baba watoto anaihisi kwenye kona. Tuliomba pia mita ya pili, ikafungwa kwenye kibanda cha bajaji, iko kundi la T1 na inalipiwa na bajaji. Mita ya mama imerudi kwenye uniti nane kwa elfu moja, na usiku analala.

Daftari langu bado linasema kwamba kwa biashara peke yake tofauti ile isingejirudisha, na ninaamini hivyo. Mwenye bajaji wa Same mjini, ambaye haondoki kwenye lami na ana soketi kila pembe, namshauri abaki na ndogo, fedha aziweke kwenye matairi. Sisi tumenunua kwa ajili ya mlima, usiku na mama.

Wewe unayefikiria kununua, uwe Ndungu, Lushoto au Mbeya, usikubali namba ya kilomita uliyotajiwa dukani. Soma kibandiko, zidisha, upate uniti. Kisha mwombe muuzaji akupe chombo kwa siku moja, upakie watu wako mwenyewe na magunia yako, upande mlima wako mrefu kuliko yote, urudi jioni. Akikataa, rudi nyumbani na fedha zako. Na ukienda kwa watu na chombo cha umeme, mtumie mwenye nyumba fedha za LUKU kabla hujachomeka.